Daudi Livingstone: Siku 80 za Ugonjwa Kabambare



Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha huko Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ilishuka kutoka mlimani na mawe na matope, ikafunika nyumba za Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengi hawakupatikana hata kuzikwa. Tangu habari ile ifike kwetu, swali moja limekuwa likirudi katika maombi yetu, hasa kwa wamama: mtu aliyezika nyumba nzima kwa siku moja, atawezaje kumwita tena Mungu Baba? Na kama akiweza, atawezaje kumhurumia jirani, wakati yeye mwenyewe hana chochote kilichobaki?

Sisi hatuna jibu la haraka. Tumeona ni vema tuwasimulie maisha ya mtu mmoja aliyepita katika nchi hii yetu ya Maniema, aliyelala mgonjwa Kabambare na kukaa karibu miezi minne hapa Nyangwe. Jina lake linajulikana dunia nzima. Hakuwa nabii, wala hakuwa wa kanisa letu, na makosa yake hatutayaficha. Lakini misiba ya namna ile ilimkuta zaidi ya mara moja, na tunaweza kumfuata hatua kwa hatua tuone imani yake ilikwenda wapi.

Daudi Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika nyumba ya watu maskini wenye kumcha Mungu. Alipofika umri wa miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, tangu alfajiri mpaka usiku, akisoma kitabu huku mashine zikizunguka. Akajifunza uganga wa kizungu na neno la Mungu pamoja. Mwaka 1841 alifika Kuruman, Afrika ya Kusini, kituo cha mzee Robert Moffat, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa mzee huyo.

Msiba wa kwanza tunaotaka kuusimulia ni ukame. Mwaka 1847 Livingstone alihamia Kolobeng, katika nchi inayoitwa leo Botswana, pamoja na Wabakwena na mfalme wao Sechele. Sechele alikuwa mtu mwenye akili nyingi, alijifunza kusoma upesi sana, na juu ya hayo alikuwa mwita-mvua mkuu wa watu wake. Tarehe 1 Oktoba 1848 alibatizwa, akaacha kazi ya kuita mvua. Na mvua ikakoma.

Angalieni jinsi shida ilivyokuwa. Mwaka wa kwanza walichimba mfereji, wakamwagilia mashamba, wakavuna. Baada ya hapo mvua ilikataa, na mto Kolobeng wenyewe ukakauka, samaki wakafa katika matope. Wamama walitoa mapambo yao ya mwilini ili kununua nafaka kwa makabila mengine, na watoto walichimba mizizi porini. Na jambo lililowauma zaidi ni kwamba mara nyingi waliona mawingu yakimwaga mvua umbali wa saa chache tu, na kwao hata tone halikuanguka. Basi wazee wakaunganisha mambo mawili: mfalme amebatizwa, mvua imekwenda. Walikuja kwa Livingstone kwa heshima na huzuni, wakamsihi amruhusu Sechele aite mvua mara moja tu, halafu wote watakuja kusikiliza mahubiri.

Sisi ambao tunajua njaa, tusiwacheke wale wazee. Mtu ambaye mtoto wake analala bila chakula hutafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni ile anayoishika. Livingstone mwenyewe hakuwacheka. Aliketi na waganga wa mvua, akabishana nao kwa muda mrefu, na baadaye katika kitabu chake aliandika hoja zao kwa haki, hata msomaji huona mara nyingine mganga anamshinda daktari kwa maneno. Watu nao hawakumdhuru. Waliendelea kuwa wapole kwake na kwa mke wake katika miaka yote ile ya ukame, ingawa waliamini kwamba maombi yake ndiyo yaliyofunga mbingu. Huruma hiyo ilitoka kwa watu walioitwa wapagani, na tunaitaja kwa sababu ni mara chache husimuliwa.

Na Sechele je? Mwaka 1849 ilijulikana kwamba mmoja wa wake aliokuwa amewaacha ana mimba yake. Livingstone akamzuia asishiriki meza ya Bwana, na baada ya muda akaondoka, akaenda mbali kaskazini. Vitabu vingi vya zamani husema kwamba Sechele ndiye mtu pekee ambaye Livingstone alimbatiza, kisha huliacha jambo hapo kana kwamba lilikuwa kazi bure. Lakini Sechele hakuliacha neno. Hakuna mmisionari aliyekuwa akimshika mkono, na mvua haikuwa imerudi kumpa thawabu, naye aliendelea kuwafundisha watu wake kusoma na kuomba mpaka alipokufa mwaka 1892. Kwa maoni yetu, katika habari ya Kolobeng huyu ndiye mwenye imani ya kutazamwa.

Livingstone akawa mtu wa safari. Alivuka Afrika kutoka Luanda mpaka Quelimane, akafika pwani ya mashariki mwaka 1856, na Ulaya wakamshangilia. Lakini mke na watoto wake walikuwa wamekaa Uingereza zaidi ya miaka minne katika shida na upweke. Wako wanaolisamehe jambo hili kwa sababu ya kazi yake. Sisi tunaona lilikuwa deni. Mary alipomfuata tena Afrika, alikufa kwa homa huko Shupanga, kwenye mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mwaka uliofuata, bonde la mto Shire lilipigwa na ukame na vita vya wakamata-watumwa kwa wakati mmoja. Maiti zilikuwa zikielea mtoni, na kila asubuhi ilibidi magurudumu ya meli yao yasafishwe kabla ya kuanza safari.

Sasa tunafika kwetu.

Mwaka 1866 alirudi Afrika kwa mara ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Naili. Mapema mwaka 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu akiwa njiani kwenda ziwa Tanganyika, hata hakuweza kutembea. Aliyemwokoa ni Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mtu huyu aliagiza abebwe kwenye machela, akampa dawa na chakula, mpaka akafika Ujiji hai mwezi Machi. Livingstone alichukia biashara ya watumwa kwa moyo wake wote, na tangu siku zile uhai wake ulikuwa mkononi mwa wale waliofanya biashara hiyo. Jambo hilo halikumwacha mpaka Nyangwe.

Tarehe 12 Julai 1869 alitoka Ujiji pamoja na msafara wa Bogharib, wakavuka ziwa, na tarehe 21 Septemba wakaingia Bambarre, ndiyo Kabambare yetu. Mfalme Moenekuss alikuwa amefariki, na wanawe walikuwa wakitawala. Daktari aliupenda uzuri wa nchi ya Wamanyema, misitu yake mikubwa, vijiji vilivyopangwa kwa mstari. Alitaka kufika Lualaba upesi, akiamini kwamba ndio mwanzo wa Naili. Hapo alikosea, maana mto huu wetu ndio Kongo, na kosa hilo lilimchosha mpaka kufa.

Mvua za Maniema zilimzuia, matope yakamzuia, watu wake wakamkimbia. Tarehe 26 Juni 1870 alianza tena kuelekea mtoni akiwa na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Hakufika. Miguu yake ilipasuka vidonda vibaya, akarudi Bambarre tarehe 22 Julai, akaingia kibandani akalala.

Alilala siku 80.

Akikanyaga chini, maji yenye damu yalitoka kidondani. Aliandika kwamba vidonda hivyo hula nyama, mishipa na hata mfupa, na kwamba usiku, katika kambi za wafanyabiashara, kilio cha watumwa wenye vidonda hivyo kilisikika. Basi fikirini: yule daktari amelala katika kibanda cha nyasi, na ng'ambo kidogo mtumwa aliyefungwa analia kwa maumivu yaleyale, katika mguu uleule. Kwa dawa alitumia jiwe la kijani la shaba, likasagwa kwa maji juu ya jiwe jingine, likapakwa kwa unyoya. Hiyo ndiyo iliyomponya hatimaye.

Kabla hajapona, tauni ilikuja. Kipindupindu, ambacho kwetu wengi huita kolera, kilikuwa kimetoka pande za Bahari ya Shamu, kikapita Uhabeshi na nchi ya Wamasai, kikashuka Pangani, na mwezi Novemba 1869 kikaingia Unguja. Maelfu walikufa kisiwani. Kikafuata njia za misafara kuja bara, na barua, dawa na vitu alivyotumiwa daktari kutoka pwani vikachelewa. Mwaka 1870, wakati habari za vifo vya njiani zikifika Bambarre, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaofanana nao ulikuwa tayari umeingia humo humo. Naye ulimshika. Kwa siku 20 alikuwa na homa, sauti ikapotea, na chakula kilikataa kubaki tumboni.

Tarehe 10 Oktoba 1870 alitoka nje ya kibanda. Siku hiyo aliandika kwamba Wamanyema wangapi walikufa kwa ugonjwa ule haikuwezekana kujua, na katika maneno hayohayo akamshukuru Mungu kwamba yeye ni mzima. Wapendwa, tumerudia mahali hapo mara nyingi. Yeye aliyeokoka anashukuru, lakini kabla ya shukrani anaangalia makaburi ya wenyeji na kukiri kwamba hana hesabu yao. Hakujifanya ameokolewa kwa sababu ni mwema kuliko wao.

Alifanya nini katika siku zile? Hakuwa na shule wala mkutano wa kuhubiri. Alisoma Biblia. Katika muda wake wote wa Maniema aliisoma yote, tangu Mwanzo mpaka Ufunuo, mara nne. Karatasi ilipokwisha aliandika juu ya gazeti la zamani, akivuka mistari iliyochapwa, na wino ulipokwisha akatengeneza mwingine kwa mbegu za mzingifuri, zile nyekundu. Susi na Chuma walimpikia na kumhudumia. Bila wao kusingekuwa na siku ya 80.

Ni huko Maniema pia alipoandika juu ya ugonjwa ambao hakuna dawa ya shaba wala ya majani inayouponya. Aliuona kwa watu huru waliokamatwa na kufanywa watumwa. Walivumilia minyororo mpaka walipouona mto Lualaba, mpana, ukipita kati yao na nyumba zao. Ndipo walipokata tamaa. Baada ya kuvushwa, wengine walikufa ndani ya siku tatu. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Daktari aliyesoma hospitali za Ulaya akaandika kwamba ugonjwa huo ni kuvunjika moyo.

Tarehe 4 Februari 1871 watu kumi waliotumwa kutoka pwani walimfikia. Walikuwa watumwa wa wafanyabiashara Wahindi wa Unguja, hawakutaka safari, na hawakuelewana naye hata siku moja. Siku 12 baadaye aliondoka Bambarre, na mwishoni mwa Machi akafika Nyangwe.

Soko letu lilimfurahisha. Wenyeji waliliita chitoka. Wamama walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, na vyungu, mihogo, samaki, kuku na nguo za raffia, mamia na mara nyingine maelfu kwa siku moja, wakipiga bei kwa kelele na kicheko. Baada ya miezi ya kibanda cha giza, alipenda kukaa kati yao tu. Aliomba mitumbwi ili ashuke mtoni, hakupewa. Watu wa mto walimwogopa, wakimdhani ni sawa na wale aliokuja nao. Hatuwalaumu.

Tarehe 15 Julai 1871 kulikuwa na joto kali. Soko lilikuwa na watu wapatao 1,500. Watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku, kisha risasi. Umati ukakimbilia mitumbwi iliyosongamana katika hori ndogo, na kundi jingine karibu na hori likawafyatulia. Wengi waliruka mtoni, wakaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, mkondo ukiwapinga, na vichwa vikawa vinapotea kimoja kimoja. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo, watu wa Tagamoio waliendelea kupiga risasi na kuchoma vijiji.

Hii haikuwa mvua wala kolera. Ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Mtu aliyeukubali ukame na tauni bila kumlaumu Mungu, siku hiyo alitaka kuchukua bastola awapige wauaji. Dugumbe akamzuia, asijiingize katika deni la damu. Basi akawatuma watu wake na bendera ya Kiingereza kwenda kuwaokoa waliokimbia, maana bila bendera nao wangeweza kuuawa. Dugumbe naye alipeleka mtumbwi, watu 21 wakatolewa majini. Mwanamke mmoja alikataa kupanda. Alifikiri wanamwokoa ili awe mtumwa, akachagua kuogelea. Kama alifika ng'ambo au la, hakuna aliyeandika.

Tunapaswa kusema na jambo jingine, ijapokuwa linauma. Miaka ya 2010 na 2011 wataalamu walilisoma lile gazeti lenye wino wa mzingifuri kwa mwanga wa pekee, kwa kuwa maandishi yalikuwa yamefifia. Wakaona kwamba alipoandika upya habari zile baadaye, Livingstone alibadili na kuacha baadhi ya mambo aliyoandika juu ya watu wake mwenyewe, na wako wanaofikiri kwamba wengine kati yao huenda walishiriki katika ukatili wa siku zile. Basi hata shahidi wetu alikuwa na kitu cha kuficha. Lakini ushuhuda wake juu ya soko unabaki.

Tarehe 20 Julai aliondoka, hakuweza tena kuupokea msaada wa Dugumbe na kuuendea mto pamoja nao. Njiani, tarehe 8 Agosti, katika msitu mnene, watu wenye hasira walimtupia mikuki mara mbili, ikamkosa kidogo tu, na siku hiyohiyo mti mkubwa ukaanguka nyuma yake hatua moja. Walimdhani ni mmoja wa wafanyabiashara. Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba akiwa amekonda sana, akakuta mali yake imeuzwa yote na aliyekabidhiwa kuitunza. Siku chache baadaye Stanley alimkuta hapo, na ni Stanley aliyezipeleka Ulaya barua za Nyangwe. Zilipochapishwa mwaka 1872 watu walikasirika, serikali ya Uingereza ikamsukuma Sultani Barghash, na mwezi Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Yeye hakupata habari hiyo. Alikuwa amekufa tangu tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Walizika moyo wake chini ya mti wa mpundu, na Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesoma shule ya misioni huko India, akasoma maombi. Mwili wakaukausha juani, wakaufunga kwa gome la mti, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadhi yao walikufa njiani. Aliyezikwa London tarehe 18 Aprili 1874 alifikishwa pale na mabega ya Waafrika.

Walioongoza msafara ule ni wawili kati ya wale watatu waliobaki naye Kabambare. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882. Susi, mtu wa Shupanga, aliendelea kuongoza misafara ya wageni kwa miaka mingi. Alikuwa Mwislamu siku zote alizomtumikia daktari, na Livingstone hakumbatiza. Mwaka 1886, miaka 13 baada ya Chitambo, Susi alikwenda mwenyewe kwa wamisionari wa Unguja akabatizwa, na jina alilochukua ni Daudi.